Nusu ya Sakafu ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema, licha ya watu. Sinema ya mjini itafunguliwa upya Jumamosi ya wiki ijayo. Ilifungwa paa lilipoanza kuvuja juu ya watazamaji, ingawa kwa maoni yangu ladha ya watazamaji ilikuwa imevuja kabla ya paa. Aliyeikodi ni Bi Tiketi, mwanamke yuleyule aliyekuwa akikaa dirishani enzi zile na kukata tiketi bila kumtazama mtu usoni.

Leo alikuja kwenye chama chetu cha watazamaji. Akatangaza kwamba kila Jumamosi, kabla ya filamu, anataka mwanachama mmoja asimame mbele ya ukumbi atoe maoni juu ya filamu za zamani na za kisasa. Mtu huyo ataitwa Mzungumzaji. Malipo hakuna. Atapewa viti viwili vya mbele kabisa roshani, chake na cha mwenzake, maisha yake yote au maisha ya paa, yatakayotangulia kuisha.

Nilijua papo hapo kwamba kazi hiyo ni yangu. Nilikuwa mkaguzi wa shule. Nimekaa nyuma ya madarasa chungu nzima nikisikiliza walimu wakikosea, na hakuna hata mmoja niliyemwacha aondoke akijidhania bora.

Tatizo ni Muuguzi. Mstaafu kama mimi, mjane, mchangamfu kupita kiasi. Hupima filamu kwa leso. Nzuri ni leso mbili. Bora ni leso tatu. Mbaya huiita macho makavu. Huo ndio uhakiki wake mzima, na watu wanampenda. Wiki iliyopita tulitazama filamu mpya ya vita ambamo watu walipasuka kama maputo na hakuna aliyeulizwa jina lake. Nilizungumza juu yake kwa mapana na marefu. Muuguzi alisema macho makavu, akakaa. Akapigiwa makofi.

Chama hukutana dukani kwa Kinyozi, ambaye ni mwenyekiti wetu, alasiri akishafunga kazi. Anayetoa maoni hukaa kwenye kiti cha kunyolea. Kinyozi hukanyaga pedeli na kumpandisha ili wote wamwone. Akianza kuchosha, pedeli hukanyagwa tena, naye huteremka taratibu huku akiendelea kusema. Mimi huteremshwa mara nyingi. Nadhani pedeli ni mbovu.

Wagombea ni wawili, mimi na yeye. Bi Tiketi ameleta filamu mbili, ya zamani na mpya. Sote tuzitazame, na Alhamisi ya wiki ijayo chama kisikilize na kuchagua. Nakala ni mojamoja. Nikajitolea kuzichukua kwanza, kwa heshima ya umri. Muuguzi akasema nizichukue tu, kaka, yeye ana nguo za kufua. Nguo! Sinema inafufuka, yeye anawaza sabuni.

Nilipomweleza mke wangu, jambo moja tu lilimgusa: viti vya roshani. Wakati wa uchumba wetu tulikuwa tukikaa chini, mabenchi ya mbele, shingo zimepinda kama za kuku waliofungwa miguu. Anasema tangu hapo amekuwa akijiuliza watu wa juu walikuwa wanaona nini. Kisha akaniambia safari hii nisiharibu. Sielewi safari nyingine ni zipi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeitazama tena ile ya zamani, Mkuu wa Stesheni. Nyeusi na nyeupe, kama mambo yote yaliyo wazi. Mkuu wa stesheni ndogo anaipokea treni ileile kila jioni kwa bendera, na kila jioni mwanamke aliyeahidi kurudi hashuki. Mwishowe treni inafutwa, na yeye anaendelea kwenda na bendera yake. Basi. Hakuna mlipuko. Hakuna anayekimbia juu ya mabehewa. Waigizaji wa siku zile walijua kusimama. Wa siku hizi hawawezi kusimama. Utadhani wana upele.

Dosari ni moja. Kofia ya mkuu imelalia kulia anapotoka mlangoni, na imelalia kushoto anapofika relini. Nitaanza hotuba yangu na kofia.

Mke wangu alitazama pamoja nami mpaka treni ya kwanza. Nilikuwa nikimweleza kila kitu kabla hakijatokea, ili asihangaike. Akasema angependa kuisikia treni kuliko kunisikia mimi, akaenda kumenya viazi. Baadaye niligundua kwamba alikuwa ameuacha mlango wa jikoni wazi na alikuwa akitazama akiwa huko. Mtu anakimbia elimu, halafu anaichungulia mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Ile mpya inaitwa Sakafu ya Tisa. Imekuja katika diski mbili, kila moja na kibandiko chake, ya kwanza na ya pili. Hata urefu wao hawauwezi tena, lazima waukate.

Nimetazama diski ya kwanza. Fundi wa lifti ana mama mzee anayeishi sakafu ya tisa. Lifti ya jengo ni mbovu tangu zamani. Mama hashuki. Dunia anaiona kwa dirisha, na majirani wanamletea vya sokoni. Fundi anaitengeneza lifti usiku na mchana huku kaka yake akimcheka. Hatimaye inafanya kazi, na mama anashinda humo kutwa nzima, juu na chini, juu na chini, akicheka kama msichana. Mlango unajifunga, anacheka. Mlango unafunguka, anacheka. Diski ikaisha.

Upuuzi. Mambo ya mashine na vicheko. Hakuna uzito, hakuna aliyepatwa na lolote, hata homa. Mtengenezaji anaogopa huzuni kama paka anavyoogopa maji. Diski ya pili sikuiweka. Mimi husema daima: kujua kama wali umeiva huhitaji kumaliza chungu. Punje moja inatosha. Nililala mapema, nimeridhika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata wazo. Nashangaa halikunijia mapema.

Jumamosi Muuguzi atapewa filamu. Je, ikiwa diski ya pili ina kibandiko cha kwanza, na ya kwanza kibandiko cha pili? Ataanzia katikati, amalizie mwanzoni, na Alhamisi atapanda kitini kusimulia mkia mahali pa kichwa. Hata Kinyozi, ambaye kuelewa kwake si kwa kasi, ataona kwamba mwanamke huyo hafuati hadithi. Wala sitakuwa nimesema uongo hata mmoja.

Utekelezaji ulikuwa mgumu kidogo. Vibandiko havitoki kwa kucha. Nikachemsha maji, nikazishika diski juu ya mvuke wa birika. Nikaungua kidole. Mke wangu akaingia wakati huo. Nikamwambia nina mafua, najifukiza. Akasema kwa nini nisiseme mapema, mzee wangu, akatia maji kwenye beseni, akanifunika taulo zito kichwani na kunishikilia humo huku akinisimulia habari za dada yake. Diski nilikuwa nimezificha chini ya shati. Jasho lilinitoka mpaka soksi. Nilipotolewa nilikuwa mwekundu kama nyanya, na akaniambia naona, umeanza kupona.

Vibandiko vimebadilishwa. Nimetumia gundi yangu ya kazini, ile nzito. Kazi ikifanywa, ifanywe vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Sikuambiwa lolote, lakini Muuguzi alikuja kutazamia hapa nyumbani kwangu. Mke wangu ndiye aliyemwalika. Kumbe deki ya Muuguzi ya kuchezea diski imekufa, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa televisheni, alikuwa akija hata hivyo. Wote watatu wakajipanga kwenye kochi langu kama ndege kwenye waya. Muuguzi alikuwa na leso kibindoni na nyingine mkononi. Akaniambia karibu ukae nasi, Mkaguzi, nafasi ipo. Karibu! Ndani ya nyumba yangu.

Nikasema nimekwisha kuona. Nikatoka kutembea, kwa sababu sikuamini uso wangu. Nilizunguka soko mara nyingi hata muuza ndizi akaniuliza kama nimepoteza mtu.

Niliporudi, televisheni ilikuwa imezimwa nao walikuwa bado kwenye kochi. Macho mekundu, yote sita. Hata shemeji, mtu ambaye alipigwa na umeme mbele yangu akacheka. Muuguzi alisema ni leso nne. Leso nne hazijawahi kutolewa tangu chama kianze. Akamshika mke wangu mkono, wakashikana tu hivyo, bila sababu.

Nilifurahi sana. Amechanganyikiwa kiasi cha kulia.

Kulikuwa na hitilafu ndogo. Kibandiko kimoja kilinasa ndani ya deki yangu, na shemeji akalazimika kuifungua kwa bisibisi. Akasema, shemeji, huyu aliyetia gundi hapa alikuwa anabandika kibandiko au anajenga ukuta? Nikamwambia mambo ya kiwanda hayo.

Jumanne, 11 Machi

Maandalizi. Nilikwenda kwa Kinyozi kunyolewa, kisingizio tu, maana nywele zangu si za kusumbua mkasi. Akaniambia leo atanitoza nusu bei, nusu nyingine ni ya kuzitafuta. Nikacheka kwa ajili ya siasa. Nikamsifu. Nikamwomba mambo mawili: nizungumze wa mwisho, na pedeli itiwe mafuta. La kwanza alikubali. La pili akasema pedeli ni nzima kabisa. Kinachotakiwa kutiwa mafuta ni hotuba zangu.

Domo lake limenolewa kuliko wembe wake. Nitakapokuwa Mzungumzaji nitanyoa kwingine.

Mke wangu ametoa gauni lake la bluu sandukuni, lile alilovaa kwenye harusi ya kwanza katika ukoo wetu. Analipima mbele ya kioo. Anauliza kama roshani kuna baridi.

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa utaratibu, kwa sababu nataka haki ionekane.

Duka lilijaa. Bi Tiketi alikaa karibu na mlango. Mke wangu na shemeji walikuwa safu ya pili. Vioo pande zote, kwa hiyo kila mtu alikuwa watu wanne.

Muuguzi alipandishwa kwanza. Akaanza na Mkuu wa Stesheni. Hakugusa kofia. Alisema kwamba, akiitazama vizuri, anaona mkuu yule hamngoji tena mwanamke, amezoea bendera tu, na kama siku moja mwanamke angeshuka kweli, mzee angeshtuka, angemuuliza tiketi. Watu wakacheka. Kisha akasema anatoa leso moja, si ya mkuu, ni ya mwanamke, kwa kuwa filamu nzima hakuna anayeuliza alishukia wapi. Watu wakaacha kucheka. Nikaona kwenye kioo Bi Tiketi akitikisa kichwa kukubali. Maneno mepesi. Hayana muundo.

Halafu Sakafu ya Tisa. Akasema filamu inafunguka kwa jeneza. Mama wa fundi amekufa kule juu, na lifti aliyomtengenezea kwa mikono yake ni ndogo, jeneza haliingii. Basi wanaume wanalishusha kwa ngazi, sakafu tisa, na kila sakafu milango inafunguliwa na majirani wanatoka kusimama. Fundi haipandi lifti tena. Anapita ngazi kama anayeadhibiwa. Na baada ya hayo yote, alisema Muuguzi, baada ya majina ya watu kupita pale katikati kama pumziko, mtengenezaji anaturudisha nyuma. Anatuonyesha mama akiwa hai, lifti ikitengenezwa, na ile siku aliyoshinda humo akicheka. Mlango unamfungia akicheka, na filamu inaisha. Alisema amewahudumia wengi walioaga dunia, na hajaona marehemu akirudishiwa uhai wake kwa heshima namna ile. Leso nne.

Mtu akitaka kuficha machozi humo hawezi, kwa sababu ya vioo.

Nami nikafikiri: mwanamke huyu ametazama filamu nyingine.

Nikapanda. Kinyozi akanipandisha mpaka juu kabisa. Nikaacha kofia, nikaingia kwenye kiini moja kwa moja. Nikasema kwa upole kwamba dada yetu ana moyo mzuri, lakini moyo si macho. Nikasema katika filamu ya Sakafu ya Tisa hakuna jeneza. Hakuna maiti. Mama yule ni mzima wa afya, anacheka mwanzo hadi mwisho, na hilo hasa ndilo kosa la filamu, kwamba hakuna mtu anayepatwa na lolote. Nikawaomba wanachama wajiulize kama wanataka ukumbi mzima upotoshwe kila Jumamosi na mtu anayeota majeneza.

Shemeji akanyanyua mkono. Akasema samahani, shemeji, lakini hata yeye alililia jeneza hilohilo. Nikamwambia huruma inaambukiza kama upele. Watu wakaguna.

Bi Tiketi akauliza, kwa sauti ileile ya dirishani, baada ya mazishi yule fundi alifanya nini.

Nikasema alioa.

Walicheka mpaka chupa za mafuta ya nywele zikatikisika rafuni. Nikamtafuta mke wangu kwenye kioo. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Na hapo, nikiwa juu kabisa ya kiti, nikaikumbuka diski ya pili.

Mtu mwingine angefadhaika. Mimi nilijibu. Nikasema Muuguzi ameitazama filamu miguu juu kichwa chini! Jeneza liko diski ya pili, yeye ameanza na ya pili, kwa hiyo maoni yake yote ni batili. Nilisema kwa nguvu na ushahidi.

Bi Tiketi akauliza nimejuaje.

Shemeji akajipiga paji la uso, akasema, ile gundi! Mke wangu akashusha mtandio, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi, kwamba kumbe hayakuwa mafua.

Kiti kikaanza kushuka. Leo pedeli ilifanya kazi upesi ajabu.

Bi Tiketi akasema filamu itaonyeshwa kama ilivyotengenezwa, lakini angependa kusikia maoni ya mtu aliyeielewa hata ilipopinduliwa kuliko ya mtu aliyeishika wima akaiacha nusu. Wakapiga kura kwa mikono. Wote Muuguzi. Yeye mwenyewe hakuunyanyua wake. Mke wangu aliunyanyua polepole, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka.

Mbaya zaidi, nilipotoka Muuguzi alinifuata mlangoni, akaniambia kaka, usijali, siku moja tutaicheka. Akaniazima leso.

Ijumaa, 14 Machi

Chakula cha mchana: nusu sahani. Wali nusu, maharage nusu, hata glasi ya maji nusu. Nikauliza mengine yako wapi. Mke wangu akajibu kwamba kujua kama wali umeiva punje moja inatosha, na mimi nimepewa nyingi. Amekuwa akisikia kumbe, miaka yote hii.

Alasiri alitoka, akarudi na habari. Amekwenda kumwomba Bi Tiketi radhi kwa niaba yangu, bila kunishauri. Bi Tiketi amesema hana kinyongo, na kwamba anahitaji mtu wa kuzima taa za ukumbi filamu inapoanza, kwa kuwa aliyekuwepo amevimba mguu. Ni swichi kubwa ukutani, nyuma ya pazia. Mkono juu, mkono chini.

Mimi, mkaguzi mzima, kuzima taa.

Nilikataa mpaka jioni. Kisha nikafikiri. Mzungumzaji anazungumza taa zikiwa zinawaka. Zikizimwa, filamu imeanza na yeye amekwisha. Basi ni nani hasa anayeamua Mzungumzaji anasema kwa muda gani? Si Bi Tiketi. Si Muuguzi. Ni swichi.

Nimekubali. Mke wangu alinitazama kwa mashaka, lakini sahani ya usiku ilikuwa nzima.

Jumamosi, 15 Machi

Ufunguzi. Ukumbi umepakwa rangi ya maziwa, viti vimeshonwa upya, na harufu ya ukungu wa zamani haikukubali kuondoka. Ulijaa mpaka ngazini. Nilisimama nyuma ya pazia, mkono kwenye swichi, kama nahodha.

Roshani, safu ya mbele, mke wangu. Gauni la bluu. Muuguzi, ambaye hana mwenzake, amempa kiti cha pili. Mke wangu alikuwa ameegemea ukingo akitazama chini, huku na huku, kama anayehesabu kila kitu alichonyimwa.

Muuguzi akatoka mbele. Hakuwa na karatasi. Akaanza na habari za lifti. Akasema kila mmoja wetu anaye mtu aliyemtengenezea kitu, na kitu hicho kikawa kidogo siku ya mwisho. Nikaona vitambaa vikitoka mifukoni. Nikaona mambo yanataka kunoga. Akavuta pumzi kufikia lile jeneza.

Nikashusha mkono. Giza totoro.

Nilitegemea minong'ono, miluzi, labda kiatu kitupwe. Hakuna. Ukumbi wote ukanyamaza kwa namna ambayo sijaisikia hata kwenye mitihani. Muuguzi akaendelea kusema gizani, pole pole, sauti peke yake, sakafu moja baada ya nyingine, jeneza likishuka. Alipofika chini, akasema basi, tazameni. Na mtambo ukawaka.

Watu walilia kabla filamu haijaanza. Walilia wakati wa filamu. Ilipoisha walisimama. Kinyozi alikuwa akipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Bi Tiketi akaja nyuma ya pazia. Nilikwisha kuandaa utetezi: hitilafu ya waya. Akanishika bega. Akasema hakujua kwamba mimi na Muuguzi tumepanga, na kwamba katika miaka yake yote ya sinema hajaona taa ikizimwa mahali pake namna ile. Kila Jumamosi anataka hivyohivyo.

Sikumsahihisha. Mtu akisifu kwa haki, ni utovu wa adabu kumkatiza.

Jumapili, 16 Machi

Nimepumzika. Nimetafakari. Ni wazi sasa kwamba ushindi wa jana ulikuwa wangu. Maneno yalikuwa ya kawaida. Giza ndilo lililoyabeba. Mtu yeyote anaweza kusema. Kuzima ni kipaji.

Wakati wa chai mke wangu alileta ujumbe kutoka kwa Muuguzi. Muuguzi anasema yeye roshani anapata kizunguzungu, angependa kukaa chini na watu. Viti viwili vya mbele anatuachia sisi, mume na mke. Nikishazima taa, nipande tu ngazi nikakae na mwenzangu, filamu nzima, kwa raha zetu.

Mke wangu alisema maneno haya huku akikunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza. Akasema kule juu mtu anaona skrini nzima, kona hadi kona. Akasema kinachokosekana ni mtu wa kumnong'oneza, na kwamba anaweza hata kunivumilia kidogo, mradi niwe nimetazama.

Nilielewa mara moja. Mtego. Wanataka niiache swichi. Nikishapanda roshani, nani atakuwa nyuma ya pazia? Muuguzi mwenyewe, au mtu wake. Halafu atasema Jumamosi nzima bila mpaka. Mimi si wa kunaswa kwa viti.

Nimemwambia mke wangu hapana. Nitabaki nyuma ya pazia mpaka taa ziwashwe. Kutoka pale huonekani kwa watu, na filamu unaiona kwa ubavu, nyembamba kama kamba, lakini kwa mtu mwenye uzoefu inatosha. Akasema haya. Akaenda kuweka pasi motoni. Analinyoosha gauni la bluu.

Jumamosi ijayo ni filamu ya zamani ya mpishi wa meli, na mpya ya mapacha waliogombana. Maoni yangu nimekwisha kuyatayarisha, endapo Muuguzi ataugua. Ile ya mpishi ina mwanga mzuri na mwisho dhaifu. Ile ya mapacha ni mbovu kabisa, hasa sehemu ya pili.

Sijaziona bado. Si lazima.